Sikio la Kushoto la Mama Waya

Mama Waya hakuwa na mtoto, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, kwa sababu kila alipobisha hodi alikuwa na mzingo wa waya begani na mkoba wa bisibisi mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, magoti mabovu, na mgongo ambao kila asubuhi ulitaka kubembelezwa kabla haujakubali kunyooka.

Kazi yake ilikuwa kufunga sinema za nyumbani. Mtu akinunua dukani televisheni pana, spika tano za kuzunguka sebule, sabufa ya kutikisa sakafu, na resiva, yaani ile mashine inayopokea sauti na kuigawa ili kila spika ipate fungu lake, basi mwenye duka humpa Mama Waya anwani, naye huenda kuvifunga. Mwenye duka huyo Mama Waya alimwita Bosi, ingawa alimzidi miaka kumi na miwili na alimwona akianza kuota ndevu. Aliingia duka lile enzi za baba yake Bosi, kama mfagiaji. Alifagia mpaka siku moja fundi mkuu alipomkuta ameshika chuma cha kulehemu, akiunganisha waya wa redio iliyokuwa imewashinda wanaume wawili. Tangu siku hiyo fagio lilipata mtu mwingine.

Miaka ishirini na sita ya kupanda ngazi, kutambaa nyuma ya makabati, na kusikia wenye nyumba wakisema, "Usinitobolee ukuta, fundi." Siku hizi akirudi nyumbani anavua viatu mlangoni na kukaa hapo hapo kwenye kizingiti, hana hata nguvu ya kuingia ndani.

Kilichombakiza kazini ni sikio lake, na hilo alilijua. Kila resiva huja na kipaza sauti kidogo cha kupimia. Unakiweka pale anapokaa mtazamaji, watu wote wananyamaza, mashine inatoa mlio kama wa mvua juu ya mabati, spika moja baada ya nyingine, halafu inajipangia yenyewe ipi iwe juu na ipi iwe chini. Mafundi wengine wakishapata zile namba hukunja waya wao na kuaga. Mama Waya hakuaga. Alikaa kwenye kiti, akafumba macho, akasikiliza, kisha akasahihisha mashine. "Mashine haina masikio," alikuwa akisema. "Ina hesabu tu." Wateja walimpenda kwa hilo, na walisimuliana.

Lakini mwaka huo mambo hayakumwendea vizuri. Mteja wa kwanza alipiga simu dukani akasema sauti imelalia upande mmoja. Mama Waya akasema ni mapazia, mapazia mazito hunywa sauti. Wa pili akalalamika hivyo hivyo, naye akasema ni vigae vya sakafu. Wa tatu alipopiga, Bosi alimwita pembeni na kuzungumza naye taratibu, kama mtu anayembebea mwenzake kitu cha kuvunjika.

"Mama, hii ya kesho ni ya mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu. Haoni. Binti yake ndiye aliyemnunulia, na ameniomba sana. Nenda polepole, usiharakishe."

"Mimi lini nimeharakisha?"

"Sijasema hivyo, Mama."

"Umesema usiharakishe."

Bosi akashika kidevu chake, akatazama barabarani. Mama Waya alichukua karatasi ya anwani na kwenda zake, kifua kimemjaa.

Nyumba ya mpima ardhi ilikuwa ya ghorofa moja, na sebule yake ndefu. Upande wa kushoto wa televisheni kulikuwa na dirisha kubwa, upande wa kulia mlango wa kuelekea vyumbani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake katikati, mrefu, amenyoa vizuri, shati limefungwa vifungo vyote. Presha ya macho ilikuwa imekula uwezo wake wa kuona kidogo kidogo kwa miaka sita, mpaka ikaumaliza. Mkewe alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza soko.

"Karibu fundi. Kabla hujafungua hilo boksi, niambie hizo waya zitapita wapi. Mimi hapa nina sebule, sitaki kichaka."

"Zitapita chini ya ukingo wa zulia, mama. Hutaziona."

"Huyu ndiye ambaye hataziona," mke akasema, akimwelekezea mumewe kidole. "Mimi nitaziona mpaka kwenye ndoto."

Mzee akacheka. "Mwache mwanamke mwenzako afanye kazi."

Mama Waya alifanya kazi. Alipima waya kwa mikono, akakata, akamenya ncha zake, akaingiza nyekundu kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi, maana ukikosea hapo spika moja inavuta huku nyingine inasukuma, na sauti nzima inakuwa nyembamba kama uji wa mgonjwa. Alitambaa nyuma ya kochi. Goti likamlia kah! naye akabaki pale chini kwa muda, paji la uso kwenye zulia, si kwa sababu ya maumivu tu bali kwa sababu zulia lilikuwa laini na hakuna aliyekuwa anamtazama. Mke alikuwa jikoni. Mzee hakuona.

"Umechoka, fundi," mzee akasema kutoka kitini.

"Hapana, mzee."

"Umepumua kama aliyechoka."

Saa tano na nusu vyote vilikuwa vimefungwa. Alimwomba mzee ahamie kochi la pembeni, akaweka kipaza sauti kidogo juu ya kiti chake, usawa wa kichwa, akawaomba wote wawili wanyamaze. Mke alijibana midomo kwa vidole viwili. Mlio wa mvua ukaanza, dirishani, katikati, mlangoni, nyuma, nyuma tena, halafu sabufa ikaunguruma kwenye kona. Mashine ikafikiri, ikatoa namba, naye akamsomea mzee kila spika iko umbali gani.

"Sabufa, mita sita na nusu."

"Hapana," mzee akasema. "Ile kona iko hatua tano tu kutoka kitini kwangu. Hatua zangu nazijua, nimelipwa mshahara kwa ajili ya hizo miaka thelathini. Ni mita nne na kidogo."

"Kweli, mzee. Lakini mashine haipimi sakafu. Inapima muda sauti inaotumia kufika. Sabufa hujichelewesha yenyewe ndani kabla haijatoa sauti, kwa hiyo mashine inaiona kama iko mbali. Hiyo namba tunaiacha hivyo hivyo."

Mzee aligeuza uso wake kwenye ile kona kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni. "Inachelewa, kwa hiyo inahesabiwa iko mbali," akasema. "Vizuri sana. Hilo sikulijua."

Mama Waya akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akaketi kitini, akafungua taarifa ya habari, akafumba macho ili afanye ile sehemu yake. Msomaji wa habari alipaswa kusikika katikati, pale kwenye kioo, lakini kwake alikuwa ameegemea mlangoni. Akapandisha spika ya dirishani alama moja. Bado. Mbili. Tatu. Ilipofika alama ya sita, msomaji akakaa sawa katikati. Akafumbua macho.

"Tayari, mzee. Karibu kwenye kiti chako."

Mzee akaja akipapasa mgongo wa kochi, akaketi, akainamisha kichwa. Hakuchukua hata dakika moja.

"Huyu bwana anayesoma habari amekaa dirishani."

"Yuko katikati, mzee."

"Fundi, mimi siku hizi kazi yangu ni kujua nani amekaa wapi." Akanyoosha mkono, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye pazia. "Yuko pale."

"Pale pale," mke akasema kutoka mlango wa jikoni. "Hata mimi namsikia huko."

 Mama Waya alichukua rimoti akarudisha zile alama sita, mpaka namba zikawa kama mashine ilivyozipanga.

"Sasa amekaa mahali pake," mzee akasema.

"Kwangu mimi amekwenda mlangoni," Mama Waya akasema, na mwenyewe akasikia jinsi sauti yake ilivyopanda. "Kuna kitu kwenye chumba hiki. Ni lile dirisha. Vioo vinarudisha sauti vibaya. Nimekaa kwenye kazi hii miaka ishirini na sita, mzee."

 Mzee alisimama, akashika mkono wa kiti chake.

"Kaa hapa," akasema. "Lakini kwanza kigeuze. Kipe televisheni mgongo."

"Zulia langu!" mke akasema.

"Zulia lako litapona. Fundi, geuza."

Akageuza kiti, akakaa akitazama ukuta wenye picha za harusi ya binti. Nyuma yake msomaji aliendelea kusema habari za barabara iliyofungwa.

"Sasa usinijibu kwa kazi, nijibu kwa sikio tu. Yuko upande gani?"

Mama Waya alisikiliza. Alijibu kabla hajafikiri.

"Dirishani."

"Ulipotazama mbele alikuwa mlangoni. Sasa umegeuka, yuko dirishani. Yeye hajahama, na dirisha halijahama."

Mama Waya akageuza shingo, akatazama dirisha, kisha mlango.

"Sisi tulikuwa na chombo cha kupimia pembe," mzee akasema, na sauti yake ikawa ya chini zaidi. "Tunapima mara moja, halafu tunakigeuza chombo nyuma mbele, tunapima tena kitu kile kile. Namba zikitofautiana, shamba halina kosa. Kosa ni la chombo."

Dirisha sasa lilikuwa upande wake wa kulia. Mlango, mwanzoni, ulikuwa upande wake wa kulia. Kila alikokwenda, sauti ilimfuata kulia. Mama Waya aliinua mkono akaziba sikio la kulia kwa kiganja, na bwana wa habari akatoweka. Si kwamba alififia. Alitoweka, kikabaki kitu kama mtu anayeongea nyumba ya tatu.

Akakaa hivyo, mkono sikioni, akitazama picha za harusi ya watu asiowajua.

Mke wa mzee alikuja na kikombe cha chai, akakiweka juu ya mkono wa kiti, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakusema neno. Mzee ndiye aliyesema.

"Ulikuwa unajua?"

"Sijui." Akanywa chai, ilikuwa ya moto mno, akameza tu. "Nilikuwa nahamisha simu. Zamani nilisikilizia kushoto. Nikajikuta nasikilizia kulia. Nikasema ni mazoea."

"Mimi niliwaambia watu kwamba taa za ofisi ni mbovu," mzee akasema. "Nilikaa na jambo hilo miaka miwili. Nikachora ramani ya viwanja viwili kwa macho hayo, nikatia sahihi. Mpaka ukapita ndani ya jiko la mtu. Majirani wale walikuwa wakikopeshana chumvi. Mpaka leo hawasalimiani."

"Kwa hiyo nifanye nini, mzee?"

"Mimi si daktari. Nimekwambia tu mahali mpaka unapopita."

Hakumpa pole, na Mama Waya alimshukuru moyoni kwa hilo, maana pole ingemwangusha. Alinyanyuka, akageuza kiti mahali pake, akanyoosha zulia kwa mguu. Kazi ilikuwa haijaisha. Aliacha namba za mashine kama zilivyo, akamwuliza mzee kama maneno yanasikika vizuri. Mzee akaomba spika ya katikati iongezwe alama mbili, kwa sababu asiyeona nyuso anategemea maneno. Halafu wakajaribu filamu. Farasi akapita mbio kutoka mbele, akazunguka nyuma ya kochi, na kichwa cha mzee kikageuka kumfuata, polepole, mdomo wazi. Mke akafumba macho yake naye, akamshika mumewe bega. "Amepita huku," akasema. "Ndiyo, amepita huku."

Mama Waya yeye alisikia farasi akipita upande mmoja tu. Akakunja waya zilizobaki, akaaga.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, mshonaji, kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Alimkuta kwenye cherehani, sindano tatu mdomoni. Akakaa kizingitini, akamweleza yote bila kugeuka. Alipomaliza hakusikia jibu, kwa hiyo akageuka, na kumbe mdogo wake alikuwa akiongea muda mrefu.

"Nasema," mshonaji akasema, akitoa sindano, "umewahi kujiuliza kwa nini nilihama kiti mezani?"

"Ulisema upepo."

"Upepo gani ndani ya chumba hiki, dada? Nilihama kwa sababu mtu akiwa kushoto kwako anaongea na ukuta. Tangu mwaka juzi. Hata shangazi anajua. Hata muuza mkaa anajua, ndiyo maana anakuzunguka kwanza halafu ndiyo anakusalimia."

"Na hamkuniambia."

"Nilikwambia mara mbili. Mara ya kwanza ulinuna wiki nzima. Mara ya pili hukusikia."

Walitazamana. Kisha mshonaji akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na Mama Waya akacheka naye kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa ubavu. Baada ya hapo akalia, si sana. Mdogo wake alirudi kwenye cherehani na kushona polepole, bila kumtazama.

Hospitali walimweka kwenye kijichumba chenye kuta za sponji, wakamvalisha spika za masikioni, wakampa kitufe cha kubonyeza kila akisikia mlio. Sikio la kulia lilikwenda vizuri, ingawa si kama alivyotarajia. Kisha ikafika zamu ya kushoto. Kupitia kioo alimwona nesi akigusa mashine, akigusa tena, akimtazama, akiandika. Mkono wa nesi ulikuwa ukitembea na yeye hasikii kitu. Alitamani kubonyeza tu, kwa kubahatisha. Hakubonyeza.

Daktari wa masikio alimwambia kwamba mshipa wa upande ule umekufa sehemu kubwa na hautafufuka, na kwamba huenda ni miaka ya kukaa karibu na spika zinazojaribiwa, huenda ni ugonjwa wa zamani, hawezi kuapa. Alitaja kifaa cha kuvaa sikioni na orodha ya kusubiri. Alisema alilinde la kulia kama mboni ya jicho.

Kesho yake alimfuata Bosi, akasimama mbele ya meza yake.

"Wale watatu waliolalamika walisema kweli. Haikuwa mapazia. Ni sikio langu."

Bosi akaweka kalamu chini. "Mimi nilidhani umechoka tu, Mama."

"Nimechoka pia."

Bosi akamwambia akae. Akasema atatafuta mtu mwingine wa kupanda ngazi, lakini waya bado hakuna anayezifunga kama yeye. Mama Waya alisema kwanza atarudi kwa wale watatu. Bosi akasema si lazima, anaweza kumtuma mwingine. "Ni lazima," Mama Waya akasema.

Alikwenda kwa miguu yake. Kwa wa kwanza hakueleza kitu, alisema ni marekebisho. Alifuta kila alichokuwa amesahihisha, akaweka kipaza sauti kidogo kwenye kiti, akasubiri mvua ya spika ipite, akaacha namba za mashine kama zilivyokuja. Mwenye nyumba alisikiliza akasema, "Aa, afadhali, sasa imekaa sawa," naye akajikaza mpaka barabarani. Lile neno lilimuuma kuliko malalamiko yote. Kwa wa pili ilikuwa hivyo hivyo.

Kwa wa tatu, mwanamke mwenye mimba kubwa alimfungulia mlango, akaomba radhi kwa vurugu ya vitu sebuleni. Mama Waya alipomaliza kupima alisimama na rimoti mkononi, akasita, halafu akasema:

"Bibie, kaa hapa kwenye kiti. Sikio langu moja halifanyi kazi. Nitakuwekea taarifa ya habari, uniambie msomaji amekaa wapi."

Yule mwanamke hakushangaa hata kidogo. Alikaa taratibu, mikono juu ya tumbo, akafumba macho. "Katikati," akasema. "Kidogo tu kuelekea kwenye kabati." Mama Waya akapunguza nusu alama. "Sasa?" "Sasa ndiyo." Wakajaribu muziki, wakajaribu watu wakigombana kwenye filamu, na yule mwanamke akapata raha na kazi hiyo, akanyoosha kidole huku na kule kama mwelekezaji wa magari. Ilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Mama Waya alikaa kwenye kigoda kumsubiri, miguu imenyooshwa mbele, na hakuharakisha.

Alifika nyumbani mchana, jua kali. Barabarani kulikuwa na pikipiki, mtu anapiga misumari bati, na matangazo ya dukani yanayojirudia tangu asubuhi. Mdogo wake alikuwa ameenda kupeleka nguo za mteja. Mama Waya alivua viatu, safari hii akapita kizingiti, akajitupa kitandani na nguo zake. Akageukia ubavu wa kulia, sikio lililo zima likazama ndani ya mto, na pikipiki zikakoma. Misumari ikakoma. Alibaki akisikia damu yake tu, ikienda polepole, na kabla hajaamua kama hilo ni jambo la kuhuzunisha, usingizi ulimchukua.